Bustani ya Kipupwe

Kwetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ndio waliofunga ndoa, na kifo hakikuifungua. Mjane wa Tarime au Serengeti alibaki mke wa marehemu. Shemeji aliingia nyumbani, na watoto waliozaliwa baadaye waliitwa wa yule aliye kaburini. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kuoa binti ili amzalie mrithi. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na ingalipo.

Sisemi mila hiyo yote ilikuwa mbaya. Mjane hakuachwa alale njaa. Ila ardhi haikuwa yake. Mwaka 1963 Serikali iliziweka mila kwenye maandishi, na mjane akanyimwa urithi iwapo wapo ndugu wa ukoo wa mumewe. Fungu lake likawa kutunzwa na watoto wake.

Mboga, hata hivyo, hakuna mwanamume aliyezigombea. Mgagani na mnavu ni mambo ya wanawake tangu enzi za bibi zetu. Nilipofiwa, shemeji zangu waligawana shamba la mahindi, wakaniachia kipande cha bondeni ambacho hakuna aliyekitaka. Nikaanzia hapo, Juni, mvua zimekwisha na baridi ya milimani inauma vidole.

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo naichanganya na mchanga mkavu ili isirundikane. Samadi naitoa zizini, ile iliyooza hadi ikapoteza harufu. Dumu nimelitoboa kwa msumari, ndilo la kumwagilia. Maji nayabeba, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Miguu inachoka, lakini usingizi ulionikimbia tangu matanga ulirudi. Agosti, sokoni mboga zimeadimika, sukuma wiki yangu ndiyo iliyonunua madaftari na sare za shule. Nikaanza kupanga mambo ya mwakani, jambo ambalo sikuwa nalo moyoni.

Mjane mwenzangu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Usingoje ukoo ukukumbuke. Nenda halmashauri ya kijiji, uombe hati ya hakimiliki ya kimila, na hakikisha jina lililoandikwa ni lako.