Televisheni ya Kulipia katika Nairobi

Msomaji, ukiingia katika duka la vyombo vya umeme pale Barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, ukataka kununua redio, mwenye duka hakulazimishi kuchukua pasi na jiko pamoja nayo. Lakini ukitaka kutazama nyumbani kwako mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza, huuziwi mpira peke yake. Wauziwa kifurushi, na ndani yake zimo chaneli za mapishi, za katuni, za mitindo ya nguo na nyingine ambazo huenda usizifungue hata mara moja kwa mwaka. Kwa nini mfanyabiashara huyu hakubali kuuza kimoja kimoja kama wenzake? Wengi hujibu upesi kwamba ni tamaa. Jibu hilo halitoshi, maana mwenye duka la redio naye anayo tamaa.

Hapo kale hapakuwa na kifurushi, kwa sababu hapakuwa na vitu vya kufungwa pamoja. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mtambo wake wa kwanza ulisimamishwa Limuru, nje ya mji, na picha zake zilifika umbali wa maili 15 hivi tu. Mwaka 1964 Serikali ililitwaa shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya, na kwa miaka mingi mwenye seti alitazama alichopewa. Stesheni ya pili, KTN, haikupatikana mpaka mwaka 1990.

Mwaka huohuo wa 1962, tarehe 5 Novemba, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu juu ya jambo lililo karibu sana na letu. Kampuni za filamu za huko zilikuwa zikiziuzia stesheni za televisheni filamu za zamani kwa mafungu: ukitaka filamu moja nzuri, sharti uchukue na mbovu kadhaa. Mahakama ikaamua kwamba biashara ya namna hiyo ni kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata mtaalamu wa uchumi, George Stigler, aliandika makala fupi akiuliza faida ya mafungu hayo hutoka wapi hasa. Fikira yake yafaa kuhamishiwa Nairobi, nami nitatumia hesabu ya kubuni.

Tuseme wako watu watatu. Wa kwanza akaa Lavington. Kwa mpira yuko tayari kutoa shilingi 900 kwa mwezi, na kwa filamu 300. Wa pili akaa Kileleshwa; yeye kwa filamu atatoa 900, na kwa mpira 300. Wa tatu akaa Kangemi. Apenda mpira kuliko wote wawili, lakini mfuko wake hauwezi kupita shilingi 500, na filamu hazitaki hata kwa bure. Kama kampuni ikiuza kimoja kimoja, itaona kwamba mpira yafaa uuzwe kwa 500, maana wanunuzi wawili wa 500 ni bora kuliko mmoja wa 900. Filamu itaiuza kwa 900. Jumla itapata 1,900. Lakini ikifunga vyote pamoja kwa shilingi 1,200, yule wa Lavington atalipa na yule wa Kileleshwa atalipa, na kampuni itapata 2,400. Mtu wa Kangemi atabaki nje.

Sasa utauliza: kwa nini kampuni isiuze kifurushi kwa 1,200, na kando yake iuze mpira peke yake kwa 500, ili imchukue na huyu wa tatu? Fanya hesabu mwenyewe utaona. Siku mpira utakapouzwa peke yake kwa 500, mtu wa Lavington naye atauacha upesi mfuko wa 1,200 na kukimbilia bei hiyo. Kampuni itapata 2,200 badala ya 2,400. Kwa hiyo mlango hufungwa kwa ajili ya mwenye nacho, asipite kwa bei ndogo, lakini anayegonga ukuta ni maskini. Mimi naona hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wote.

Basi, turudi katika historia. MultiChoice ya Afrika Kusini iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, ikishirikiana na shirika la utangazaji la taifa, KBC. Madishi ya DStv yakaota juu ya mapaa ya Lavington, Westlands na Kilimani. Katika Kangemi na Kawangware watu walitafuta njia nyingine: mmoja hununua king'amuzi, huweka mabenchi ndani ya kibanda cha mabati, na kila mtazamaji hutoa shilingi chache mlangoni kwa mechi moja. Kampuni za televisheni hazikuipenda desturi hii pale ilipofanywa kwa kadi ya nyumbani isiyo ya biashara, na kwa sheria zilikuwa na haki. Hata hivyo, kibanda kilifanya kile ambacho kampuni ilikataa kufanya: kilimuuzia mtu wa tatu mpira peke yake.

Mwaka 2007 akatokea mshindani. GTV, kampuni yenye makao yake London, ilinunua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika, ikauza kwa bei nafuu. Wengi waliona kwamba sasa mpira umeshuka mlimani. Mwisho wa Januari 2009 kampuni hiyo ilifilisika ghafula, na waliokuwa wamenunua vyombo vyake wakabaki na masanduku yasiyo na kazi. Mpira ni mali ya gharama kubwa, na waliodhani kwamba ushindani peke yake ungeshusha bei walipata jambo la kufikiri. Kampuni ya Wananchi nayo ilileta Zuku, ikatandaza kebo katika mitaa ya Nairobi, ikafunga televisheni, intaneti na simu katika mfuko mmoja. Hicho ni kifurushi kikubwa zaidi ya vyote.

Hata chaneli za bure ziliingia katika ugomvi. Nchi ilipohama kutoka analojia kwenda dijitali, wenye NTV, Citizen na KTN walilalamika kwamba matangazo yao yatiwa ndani ya ving'amuzi vya kulipia bila ruhusa yao, kuwa kama sukari katika chai ya mtu mwingine. Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, haikukubaliana nao. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa, na stesheni hizo zikawa kimya kwa siku 19.

Je, Serikali iamuru kifurushi kifunguliwe? Kanada iliamuru hivyo, na tangu Desemba 2016 mtazamaji wa huko aweza kuchagua chaneli moja moja. India ilifanya vivyo hivyo mwaka 2019: kila chaneli ya kulipia ikatangaza bei yake, na iliyopita rupia 19 haikuruhusiwa kuwekwa katika kifurushi. Walakini wenye chaneli zinazopendwa walipandisha bei mpaka ukingoni pa rupia hizo 19, na watu wengi wakakuta hesabu ya mwezi imeongezeka. Chaneli ndogo zenye watazamaji wachache zilipata taabu. Jambo hili lapasa kutushughulisha sisi wasomaji wa Kiswahili, maana katika kifurushi hichohicho imo Maisha Magic, yenye michezo ya kuigiza ya Kiswahili kama Selina, iliyoanza mwaka 2018. Sijui ni wangapi wangeinunua peke yake. Na tuliona mwaka 2017, SuperSport ilipojitoa katika Ligi Kuu ya Kenya, jinsi vilabu vyetu vilivyotaabika.

StarTimes ilichukua njia nyingine, ikaruhusu mtu kulipa ada ya siku au ya wiki badala ya mwezi. Hapo kifurushi hakikufunguliwa, bali kilikatwa vipande vya siku, na kwa mtu anayepata kibarua leo na kesho akose, hilo si jambo dogo. Lakini mechi kubwa za Uingereza zimo SuperSport, katika mfuko wa DStv, na mfuko wa juu kabisa ulikwisha kupita shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumamosi jioni mabenchi ya Kangemi hujaa mapema.