Lori, Mkono wa Gia na Mpingo katika Uwanda wa Makonde

Historia ya uchukuzi kati ya Masasi na Newala haitenganishiki na umbo la ardhi, kwa kuwa Uwanda wa Makonde, ambao upande wake wa magharibi hufikia karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, hukomea ghafla kwenye magenge yanayotazama bonde la Ruvuma na tambarare ya Masasi yenye vilima vya mawe. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi, alipopita huko mwaka 1906 alibebewa mizigo na wapagazi, na wenyeji wa uwandani walishuka mabondeni kuteka maji, kwani udongo wa kichanga hunywa mvua yote.

Reli ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ilikuwa na tawi lililofika Masasi, lakini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Korosho, ambayo katika msimu wa 1973/74 ilifikia tani 145,000 nchini kote, ikabaki mikononi mwa madereva wa malori.

Katika mpando wenye mchanga dereva hukanyaga klachi na kubadili gia mara kwa mara, na kiganja chake chenye jasho na vumbi husugua kichwa cha mkono wa gia hadi mchoro unaoonyesha mahali pa kila gia unafutika. Katika Land Rover za zamani kosa hapo halikuwa dogo, kwa sababu karibu na mkono mkuu palikuwa na mikono mingine miwili, mmoja wenye kichwa chekundu wa kuteremshia gari kwenye gia za nguvu, na mwingine wenye kichwa cha njano wa kuunganishia magurudumu ya mbele.

Kukibadilisha kichwa hicho ni kazi nyepesi ikiwa kimefungwa kwa hesi, yaani nyuzi za skrubu: fundi hulegeza nati ya chini kwa spana, hukizungusha kinyume cha saa, kisha hufunga kipya chenye hesi ya kipimo kilekile. Kisichokuwa na hesi hushikwa kwa pini au kibanio, na kukivuta kwa nguvu ni kukivunja.

Mpingo, mti wa misitu ya kusini ambao wachongaji wa Kimakonde wameupatia sifa duniani, ni mgumu, huzama majini na hung'aa kadiri unavyoshikwa, hivyo unafaa kukerezwa kuwa kichwa cha gia kuliko plastiki nyingi za dukani. Ubao laini na mwepesi, unaofaa kwa barakoa za ngoma ya mapiko kwa kuwa huvaliwa kichwani, haungestahimili kazi hiyo. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, yenye kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu; mchanga utapungua, lakini mpando uko palepale.