Shahada na Usukani wa Ndege

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita mjini Arusha, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi anayetaka urubani. Huniuliza: "Mwalimu, nianze chuo kikuu au niende moja kwa moja shule ya urubani?" Nami huwajibu kwa historia ya Marekani, kwa kuwa huko sharti la shahada limewekwa na kuondolewa mbele ya macho ya wote.

Kabla ya Marekani kuingia Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lake lilidai miaka miwili ya chuo kwa kijana anayetaka kufunzwa urubani. Vita vilipowafikia, marubani wakahitajika kwa maelfu. Mwaka 1942 sharti hilo likafutwa, ukawekwa mtihani, na vijana waliotoka sekondari wakarusha ndege za mabomu. Amani iliporudi, jeshi likaja kutaka maofisa wenye shahada. Mashirika makubwa ya ndege yaliajiri marubani wengi kutoka jeshini, nayo yakaizoea shahada. Ikawa chujio: waombaji wakizidi, matundu hufinywa; wakipungua, hupanuliwa.

Kisha ikaja ajali. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Bunge likapitisha sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria hutakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka. Hapo shahada ikapata thamani inayohesabika: aliyehitimu shahada ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa anaweza kuanza na saa 1,000. Lakini Januari 2022, marubani walipoadimika, shirika la Delta liliacha kuidai shahada kwa waombaji wake.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiliwaandaa marubani kwa leseni. Hadi leo, leseni na saa za kuruka ndizo zinazomkalisha mtu kwenye usukani.

Hata hivyo siidharau shahada. Leseni ya rubani hutegemea cheti cha afya. Moyo au macho yakileta hitilafu, kazi inasimama hata kama una saa elfu kumi. Siku hiyo shahada ya uhandisi au uhasibu ndiyo italisha watoto.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu na wazazi wao: kabla ya kuuza shamba ili kulipa ada, kijana apimwe kwanza na daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Akifaulu, atafute leseni. Shahada aisome pia, hata kwa masafa akiwa kazini, kwa sababu maisha ya rubani si ya angani peke yake.