Kula kwa Saa: Mfungo Uliokuja Bila Ruhusa Zake

Kaliua ndipo Reli ya Kati inapogawanyika. Treni ya Kigoma huendelea magharibi, ya Mpanda hukata kusini kwenye tawi lake la kilomita 210, na abiria wa pande zote mbili husubiri pamoja. Asubuhi moja nilikaa kivulini karibu na mama mmoja wa makamo mwenye kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, tukaulizana habari za nyumbani na za tumbaku, kisha akanikabidhi simu yake.

"Hebu nisomee, mwanangu. Kaniletea binti yangu wa Dar es Salaam, lakini herufi zenyewe kama ulezi."

Ujumbe ulisema kwamba anayetaka kupunguza mwili na sukari afanye "kufunga mara kwa mara": ale kati ya saa 12 na saa 8, muda wote uliobaki anywe maji tu. Mama akahesabu kwa vidole. Saa kumi na mbili alfajiri hadi saa nane mchana.

"Haya, jioni nisile," akasema. "Sasa na kidonge changu cha jioni?"

Katika ujumbe ule mfupi mlikuwa na makosa mawili ya lugha na kosa moja la hatari, na tangu siku ile nimekuwa nikiyafikiria yote matatu kwa pamoja.

Nianze na saa. Aliyeandika alitafsiri kutoka Kiingereza akasahau kugeuza saa. Kumi na mbili ya huko ni saa sita ya mchana wetu, na nane yao ni saa mbili usiku. Mtu aliyezoea kuhesabu saa tangu jua linapochomoza angefuata maandishi kwa uaminifu na kujikuta anakula mapema sana kuliko ilivyokusudiwa. Ajabu ni kwamba utaratibu huo wa kula mapema nao umewahi kupimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Alabama, Marekani, walichapisha matokeo ya wanaume wanane waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliwalisha ndani ya saa sita tu kwa siku, mlo wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri, na insulini yao ikafanya kazi vizuri zaidi hata bila kupungua uzito. Ila ni watu wanane tu, na wote walikuwa chini ya macho ya watafiti.

Kosa la pili ni "mara kwa mara". Anayekuja mara kwa mara anakuja sana. Istilahi ya asili haisemi wingi. Inasema kitu kinachokuja, kinakatika, kisha kinarudi. Kiswahili kina neno la jambo hilo na tunalisikia kila jioni kwenye taarifa ya hali ya hewa: vipindi. Mvua kwa vipindi, vipindi vifupi vya jua. Ndiyo maana waandishi makini wa afya huandika "mfungo wa vipindi", na kama tafsiri ni sahihi. Chini ya jina hilo zinakaa taratibu kadhaa: kujizuia saa 16 na kula ndani ya saa nane, kula kawaida siku tano za wiki na kula kidogo sana siku mbili, aina iliyovuma baada ya mtangazaji Michael Mosley kuionyesha kwenye BBC mwaka 2012, na kujinyima siku moja na kula siku inayofuata.

Nadharia yake haina uchawi. Baada ya mlo, ini huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Ukikaa kama nusu siku bila kula, akiba hiyo hupungua na mwili hugeukia mafuta. Hilo ni kweli, na kwa mtu mzima mnene, mzima wa afya, asiyetumia dawa, aliyezoea kutafuna mpaka usiku wa manane, kufunga jiko mapema kunaweza kumsaidia. Sina ugomvi naye. Ila hata kwake faida ni ndogo kuliko matangazo. Mwaka 2020 watafiti wa San Francisco waliwafuatilia watu 116 kwa wiki 12. Waliokula ndani ya saa nane hawakupungua kwa tofauti ya maana kuliko waliokula milo mitatu, na sehemu ya kilichopungua kwao ilikuwa nyama ya mwili badala ya mafuta. Huko Guangzhou, China, watu 139 walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, kundi moja kwa saa maalumu na jingine bila saa. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha la kwanza limepungua kilo 8.0 kwa wastani na la pili kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kulipa kundi lolote ushindi. Kilichofanya kazi ni kiasi cha chakula. Wauzaji wa mafunzo ya mtandaoni hupenda pia kumtaja Yoshinori Ohsumi, Mjapani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi chembe hai zinavyojisafisha kwa kula mabaki yake zenyewe. Hawasemi kwamba kazi iliyompa tuzo hiyo aliifanya kwenye hamira.

Sasa lile kosa la hatari. Limejificha ndani ya neno ambalo kila mtu analiona salama, yaani kufunga.

Kufunga kwa Kiswahili hakukai peke yake. Kuna kufungua. Miezi ya kalenda ya Waswahili inahesabiwa kutoka hapo: baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, na sherehe za Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Hata mlo wa asubuhi tunauita kifungua kinywa. Na neno saumu, ambalo halina undugu na lile la kitunguu saumu ingawa yamefanana sura baada ya kutoka Uarabuni, lilitufikia likiwa na sheria zake zote. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Msafiri ana ruhusa. Mjamzito na anayenyonyesha wakihofia nafsi zao au watoto wao wana ruhusa. Mzee asiyeweza tena hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Kwa Wakatoliki pia mipaka ipo: sheria ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa hahesabiwi. Dini zote mbili zilijua kwamba miili haifanani, zikaandika hivyo ndani ya amri yenyewe.

Kibaba hicho kina historia katika nchi hizi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita Unyamwezini, na Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, wakati huo ikijulikana pia kama Kazeh, waliikuta imeshazoeleka. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi alipewa posho, na kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Posho likaja kuwa neno la Afrika Mashariki nzima. Uganda leo ni ugali wenyewe. Katika pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, maji yalikuwa haba na vijiji vichache, na msafara ulioishiwa posho humo haukuwa umefunga. Ulikuwa na njaa, na wapagazi walianguka. Kinyamwezi na Kiswahili vyote vinajua kuwa mambo hayo ni mawili, na anayeshinda njaa haambiwi amefunga.

Tofauti hiyo bado ipo. Vijana wa vyuo na vibarua wana jina lao la kukwepa mlo wa mchana: pasi ndefu, kama mpira unaopigwa kutoka kwa beki hadi kwa mshambuliaji bila kupita katikati. Mkulima anayeinua matuta mwezi wa Januari, ghala likielekea kuisha na malipo ya tumbaku yakiwa mbali, tayari anapiga pasi ndefu. Anayekesha akichochea moto wa bani, banda la kukaushia, tumbaku isiharibike, akalala mchana na kula anapoamka, saa zake za kula hazina mpangilio wa kuandikwa na mtu wa mjini. Kumwambia yeyote kati yao ajizuie saa 16 kwa ajili ya afya ni kumhimiza aendelee na upungufu alio nao.

Mfungo huu mpya ulichukua neno kufunga ukaziacha ruhusa, na hilo linanisumbua kuliko tafsiri zote mbovu. Ulibeba pia kitu kingine kutoka Ramadhani bila kujua, nacho ni aibu. Anayekula mchana kwa siri mwezi wa Ramadhani huitwa kobe. Mtu akishajiambia amefunga, hata kama ni kwa ajili ya kupunguza tumbo, kula kabla ya saa kunakuwa kushindwa. Sasa mfikirie mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi. Kidonge kile hulisukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hujala. Sukari ikishuka hutoka jasho jembamba, mikono hutetemeka, moyo hukimbia, maneno huanza kupotea. Dakika hiyo anahitaji sukari mdomoni bila kusita. Je, asite kwa sababu hataki kuwa kobe? Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa zaidi ya wagonjwa 12,000 ulionyesha kwamba wakati wa Ramadhani, kushuka sukari kiasi cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Madaktari wameandaa miongozo mizima ya kumpima mgonjwa kabla ya mwezi kuandama, kubadili dozi na kumwambia wazi lini afungue. Mfungo wa kwenye simu hauna mwezi unaoandama, hivyo hakuna anayemwita aje apimwe.

Malaria nayo, ambayo Tabora inaifahamu vizuri. Dawa mseto hutolewa kwa dozi sita ndani ya siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni, na kila dozi itanguliwe au ifuatwe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila mafuta dawa moja kati ya zile mbili haifyonzwi sawasawa. Mwenye kushika saa zake 16 anaimeza na maji matupu. Kwa hiyo anaweza kumaliza dozi na vimelea wakabaki.

Orodha haikomei hapo. Mjamzito na anayenyonyesha, mtoto anayekua, mzee ambaye nyama ya mwili ikishapungua hairudi kirahisi, anayetibiwa kifua kikuu ambaye muuguzi anangoja kuona mizani ikipanda, mwenye vidonda vya tumbo ambaye tumbo tupu humuunguza. Mwenye selimundu hawezi kabisa kujaribu ile aina kali ya kuacha hata maji, kwani mwili ukikauka maumivu huanza. Tena kuna msichana aliyewahi kujinyima chakula kwa sababu ya kuchukia mwili wake. Kwake ratiba ya kutokula ni mlango aliokwisha kuufunga kwa taabu, nao unafunguliwa tena.

Kwa hiyo napendekeza "kula kwa saa". Wenzangu wa istilahi watasema ni jina pungufu, kwamba halielezi zile siku mbili za kula kidogo, na wana haki. Kwa kundi zima "mfungo wa vipindi" ubaki vitabuni. Lakini ujumbe unaotumwa kwa mama wa Kaliua unahusu saa, basi useme saa. Kula kwa saa ni ratiba, na ratiba hubadilishwa mtu akiumwa, akisafiri, akipata mimba. Hakuna anayeitwa kobe kwa kubadili ratiba. Jina hili pia linatanguliza kula, jambo ambalo lile la kwanza linalificha: ndani ya zile saa nane mtu atakula nini? Ugali wa muhogo na mlenda peke yake, au na karanga, maharage na dagaa?

Pale stesheni nilimwandikia binti yake kwa simu ya mama: Mama anatumia vidonge vya kisukari, asibadili saa za kula mpaka aonane na daktari wake, na saa ulizotuma ni za Kizungu. Nikamsomea kabla ya kutuma.

"Ramadhani yenyewe niliambiwa nile," akasema mama. "Shehe kaniambia, daktari kaniambia. Hii ya simu nani aniambie?"

Nikamuuliza kidonge cha asubuhi alikimeza saa ngapi. Saa moja, akasema, kabla ya kutoka nyumbani, na chai hakuiwahi. Ilikuwa inakaribia saa tatu. Akafunua kapu, akanimegea matobolwa, naye akala.