Filamu za kale za Ngorongoro na Serengeti

Filamu za kale za Ngorongoro na Serengeti ni filamu zilizopigwa kaskazini mwa Tanganyika (leo Tanzania bara) kuanzia miaka ya 1920, enzi ya filamu bubu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zinazojulikana zaidi ni tatu: Simba (1928), Serengeti darf nicht sterben (1959) na Hatari! (1962). Zote zilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kwa mkazi wa Karatu au Ngorongoro kuziona, kwa kuwa nakala zake zilikuwa mikanda mikubwa iliyotunzwa ng'ambo. Hali hiyo ilibadilika zilipotolewa upya kwa kanda za video, kisha kwa DVD.

Simba (1928)

Simba ni filamu bubu ya Wamarekani Martin Johnson na mkewe Osa, wenyeji wa jimbo la Kansas. Katika miaka ya 1920 waliishi kwa muda mrefu Marsabit, Kenya, wakipiga picha za wanyama kwa msaada wa Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asilia ya New York. Simba wengi wanaoonekana walipigwa picha katika nyanda za Serengeti, zilipokuwa bado hazijawa hifadhi ya taifa.

Mtazamaji wa leo anapaswa kuitazama kwa tahadhari. Picha zilizopigwa siku na mahali mbalimbali zimeungwa ili zionekane kama tukio moja, na maandishi yanayojitokeza kati ya picha huwafanyia mzaha Waafrika. Wapiganaji wanaowaua simba kwa mikuki huitwa "Lumbwa", jina ambalo Wazungu waliwapachika Wakipsigis. Hakuna hata mmoja anayetajwa kwa jina lake mwenyewe. Pamoja na hayo, ni nadra kupata picha nyingine zinazotembea za nyanda hizo kutoka wakati huo.

Martin alifariki mwaka 1937 baada ya ajali ya ndege huko California, na Osa mwaka 1953. Makumbusho yenye majina yao yako Chanute, Kansas. Filamu yenyewe ilitolewa upya kwa video ya nyumbani na Milestone, kampuni ya Marekani inayoshughulika na filamu zilizosahaulika.

Serengeti darf nicht sterben (1959)

Jina hili la Kijerumani lina maana ya "Serengeti haipaswi kufa". Watengenezaji wake walikuwa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Walitumia ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama kutoka angani na kufuatilia njia za nyumbu wanaohama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake alifariki mwaka 1987 na majivu yake yakaletwa kuzikwa papo hapo. Magari ya watalii yanayopanda kutoka Karatu hupita karibu na mnara wao wa mawe. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar kama filamu bora ndefu ya hali halisi.

Habari za ndege na kaburi husimuliwa sana. Hoja ya filamu husimuliwa kidogo. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa upya eneo lote: nyanda za magharibi zibaki Hifadhi ya Taifa ya Serengeti pasipo wakazi, na upande wa mashariki uwe Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo Wamaasai wangeendelea kuishi na mifugo yao. Mgawanyo huo ulianza kutumika mwaka 1959, na Wamaasai waliokuwa Serengeti walitakiwa kuhama. Grzimek alipinga mipaka mipya kwa sababu ilikata njia za nyumbu, na aliamini kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji. Filamu inatetea msimamo huo kwa picha za kuvutia mno, na hapo ndipo penye nguvu yake na pia udhaifu wake: Wamaasai wanaonekana, lakini hawaulizwi. Kwa kuwa suala la nani akae Ngorongoro bado linabishaniwa hadi leo, filamu hii inastahili kuonyeshwa darasani, mradi wanafunzi waambiwe pia kile ambacho haikukionyesha.

Hatari! (1962)

Filamu hii ya Howard Hawks inahusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Waigizaji wake ni pamoja na John Wayne, Elsa Martinelli na Mjerumani Hardy Krüger, ambaye baadaye alinunua shamba Momella, karibu na Arusha, palipopigwa sehemu ya filamu. Muziki ni wa Henry Mancini. Ilipigwa kabla ya uhuru wa Tanganyika, ikaonyeshwa baada yake.

Kisa chenyewe ni chepesi. Chenye thamani ni mbio za magari nyuma ya vifaru, ambazo waigizaji walizifanya wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti waliwatambua vifaru zaidi ya 100 katika kreta ya Ngorongoro. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ujangili ulikuwa umewabakiza wachache sana.

Kutazamwa upya

Mikanda ya enzi ya filamu bubu ilitengenezwa kwa nitrati, ambayo huoza na kushika moto upesi. Ndiyo maana nyingi zimepotea. Aidha, zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko filamu za baadaye. Zikionyeshwa kwa kasi isiyo yake, watu hukimbia kama siafu. Toleo zuri la DVD hurekebisha kasi hiyo na kuongeza muziki.

Katika vibanda vya video vya Tanzania, filamu za kigeni zimezoeleka kutazamwa zikiwa na msimulizi wa Kiswahili. Lufufu wa Dar es Salaam ndiye aliyevuma zaidi kwa kazi hiyo. Desturi hii inafanana na ile ya Japani wakati wa filamu bubu, ambapo msimulizi aitwaye benshi alisimama kando ya pazia akieleza kisa. Filamu kama Simba, isiyo na sauti ya kushindana nayo, inamfaa sana msimulizi wa namna hiyo, naye akijua Kimaasai au Kiiraqw anaweza kuyaacha kabisa yale maandishi ya dhihaka.