Bunduki Iko Wapi? Silaha na Watoto Katika Historia ya Buhaya

Krismasi iliyopita tulikuwa kwa kaka yangu, Bukoba mjini. Kaka ananunua kahawa vijijini, anatembea na hela, na ana shotgani anayoimiliki kihalali, leseni na kila kitu. Nyumba ilijaa watoto, wake watatu na wangu wawili. Jioni, bakuli la senene likiwa mezani, nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, ile bunduki iko wapi?"

Akacheka. "Usiwe na wasiwasi. Iko mahali ambapo hawa hawawezi kujua."

Binti yangu wa miaka sita, ambaye sote tulidhani anaangalia katuni, akageuka. "Baba mkubwa, ile ya kwenye begi jeusi juu ya kabati?"

Hakuna aliyecheka tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia historia ya kwetu nikiwa na swali moja. Sisi watu wa Kagera tunasimulia habari za bunduki kama habari za wakubwa: wafalme, Wajerumani, wanajeshi. Lakini bunduki ikishaingia ndani ya nyumba, nani anaikaribia kuliko wote? Hebu twende pamoja, msomaji, utaona kwamba mtoto yumo kwenye hadithi hii tangu mwanzo.

Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokewa vizuri na mtawala Rumanyika. Kutoka hapo akaendelea hadi Buganda kwa Kabaka Mutesa, akampelekea zawadi, bunduki zikiwemo. Speke mwenyewe ameandika kilichotokea. Mutesa alishindilia bunduki moja kwa mkono wake, akamkabidhi mtoto aliyekuwa mtumishi wa kasri, akamwambia atoke nje akamjaribishie mtu. Mtoto akatoka, mlio ukasikika, akarudi akiwa na furaha kama mtoto aliyefanikiwa kwenye mchezo. Aliyekufa ni nani? Speke anasema hakusikia mtu yeyote akiuliza.

Wengi husoma kisa hicho kama ushahidi wa ukatili wa mfalme. Mimi siku hizi namwangalia yule mtoto. Hakuwa katili. Alikuwa mtoto mtiifu aliyetumwa, na kitu alichopewa hakumjua mkubwa wala mdogo. Na mgeni aliyekileta alikaa pale akaandika kwenye daftari.

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba. Mwaka huohuo mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa Brussels, ambao pamoja na mambo mengine ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachiwa mlango, tena kwa masharti, ni zile za zamani za kushindilia baruti mdomoni, yaani magobore. Ndiyo maana gobore likadumu vijijini muda mrefu hivyo. Juni 1915 Waingereza walikuja na meli kutoka Kisumu, wakapigana siku mbili, wakaivunja ngome ya Bukoba pamoja na mnara wake wa simu ya upepo, kisha mji ukaporwa. Ngome ikaanguka, lakini gobore la mwindaji kule kwenye migomba likabaki. Likiharibika, fundi chuma alikuwepo. Tusisahau kwamba hapa ni nchi ya wafua chuma: pale Katuruka, karibu na Bukoba, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Sasa, gobore lina tabia moja mbaya. Ukiliangalia kwa nje huwezi kujua kama limeshindiliwa. Na likishashindiliwa, njia rahisi ya kulitoa baruti ni kulifyatua. Kwa hiyo mwindaji aliyekosa mnyama hurudi nalo nyumbani likiwa bado limeshiba, akalisimamisha ukutani, akaenda kunywa rubisi.

Babu yangu alikuwa nalo moja. Mimi nimekulia Kagoma, upande wa Muleba, na utoto wetu ulikuwa miaka michache baada ya vita. Vita yenyewe mnaijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Wapenzi wa fasihi watakumbuka utenzi wa Henry Muhanika kuhusu vita hiyo, uliochapishwa 1981. Lakini sisi watoto tulikuwa na utenzi wetu wenyewe. Tulichukua mti wa jani la mgomba, tukaukata vimacho vilivyosimama mgongoni, ukipitisha mkono vinapiga ta-ta-ta-ta. Tukagawana: nani Amin, nani jeshi letu. Hakuna aliyetaka kuwa Amin, basi wadogo ndio walilazimishwa.

Likizo moja nilipelekwa kwa shangazi yetu aliyeolewa Kyaka. Tukilima maharage nikaokota risasi nzima, haijapigwa. Nikaitia mfukoni. Nilirudi nayo Kagoma na nikaiweka kwenye kopo pamoja na gololi zangu. Binamu yangu akashauri tuitie kwenye moto wa kuchomea ndizi tusikie mlio wake. Tulikuwa tumeshakoka moto babu alipotokea.

Hakunipiga. Aliichukua risasi, akaenda ndani, akaichomeka kwenye nyasi za paa, karibu na lilipolala gobore lake. Hakusema neno. Nami nilisimama mlangoni nikimtazama, nikaona ni nyasi za upande gani.

Babu aliamini ameificha. Kumbe amenionyesha.

Hilo ndilo kosa la kihistoria la nyumba zetu, na bado tunalo. Tunachanganya kuficha na kufungia. Mtoto wa kwetu ndiye anayefagia, ndiye anayetumwa kiberiti, shuka, panga, chumvi. Anayetumwa kila kitu ndani ya nyumba anajua kila kitu kilipo. Mgeni unaweza kumficha, mtoto humfichi. Halafu ukimya wetu unamfundisha jambo moja tu: kwamba kile kitu ni cha kusisimua.

Na mkoa wetu haukupata kupumzika. Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Wengi mno walikuwa akina mama na watoto wasio na kosa, lakini vita ya jirani haivuki mpaka bila vyuma vyake. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa Biharamulo, alitoa wiki mbili kwa wenye silaha haramu wazisalimishe, kisha ikaja Operesheni Kimbunga. Operesheni hiyo iliacha vilio pia, maana baadhi ya waliofukuzwa walikuwa wameishi hapa miaka mingi. Tena si kila chuma kilichosalimishwa. Novemba 8, 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, bomu la mkono lililipuka. Mtoto alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Wanafunzi kadhaa walikufa, makumi wakajeruhiwa.

Nilipoisikia habari ile nilikumbuka kopo langu la gololi. Tofauti kati yangu na wale watoto ni kwamba babu alitokea mapema.

Sheria tunayo. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi zetu ziweke kanuni za utunzaji salama wa silaha za raia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ilichukua nafasi ya ile ya 1991. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Yote mazuri. Ila sheria inaishia mlangoni. Ndani ni wewe, begi lako jeusi na watoto wako.

Basi ndani kunahitajika nini? Mambo ya kawaida kabisa. Bunduki itolewe risasi kabla haijavuka kizingiti. Ifungiwe kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani. Risasi zikae kwingine, nazo zifungiwe. Ufunguo ukae kwa mwenye leseni, si juu ya mlango, si chini ya godoro. Mtoto afundishwe na akumbushwe: ukiiona, usiiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Na mkubwa akiambiwa, asimpige. Mtoto aliyepigwa kwa kusema kweli, siku nyingine hatasema. Lakini tusimwachie mtoto kazi ya kujilinda. Kufuli ni kazi yetu.

Na tuulizane. Najua kwetu ni aibu kumuuliza mwenyeji mambo ya ndani ya nyumba yake. Mimi nilimuuliza kaka kwa kunong'ona, kana kwamba mwenye kosa ni mimi. Sasa nauliza kwa sauti, popote ninapopeleka wanangu kulala.

Kaka hakusubiri mwaka mpya. Usiku uleule alizitoa risasi, akaifungia bunduki stoo, na wiki iliyofuata fundi akaja kukaza kabati la chuma ukutani. Kabla hatujaondoka nilimwita binti yangu pembeni, nikamuuliza alijuaje habari za lile begi. Alinitazama kama anayeshangaa swali lenyewe.

"Si mlinituma shuka?"