Mvua ya Choroko: Sauti za Mazingira katika Mchezo wa Redio, Nairobi

Utangazaji ulipoanza Kenya mwaka 1928, ulikusudiwa walowezi wa Kizungu, nao ulitegemea sana vipindi vya BBC vilivyonaswa na kutangazwa upya. Mitambo ya Cable and Wireless ilisimikwa Kabete, magharibi ya mji; lakini mvua ya Kabete yenyewe haikusikika.

Hali ilibadilika idhaa za Waafrika zilipopanuliwa miaka ya 1950, na zaidi baada ya 1964, serikali ilipolitwaa shirika na kuliita Sauti ya Kenya. Mchezo wa Kiswahili ulidai mahali pake: barabara, kilabu cha pombe, ua wenye kuku. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani kipaza sauti hakisikii kama sikio. Mvua halisi ikinaswa kwa karibu hufanana na mafuta yanayokaanga samaki. Choroko zikimiminwa polepole juu ya bati, msikilizaji husadiki kwamba kunanyesha. Vifuu viwili vikigonganishwa huwa kwato za punda. Ufundi huu ni wa jukwaani, nayo redio iliurithi zamani. Mwaka 1924, huko London, Richard Hughes aliwaandikia wasikilizaji mchezo mzima unaotendeka gizani, ndani ya mgodi wa makaa. Mkanda wa sumaku uliongeza jambo jingine: ukipitishwa kwa nusu ya kasi yake, mlio hushuka oktava moja na kudumu maradufu, hata kishindo cha mfuniko wa sufuria kikawa cha lango la gereza.

Si mchezo wa kitoto huo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandikia BBC *This Time Tomorrow* katika miaka ya 1960, juu ya vibanda vya maskini wa Nairobi vinavyobomolewa. Msikilizaji haoni kibanda hata kimoja. Maneno na milio ndiyo nyumba, na ndiyo ubomoaji. (Vibanda vya Muoroto vilibomolewa kwelikweli mwaka 1990.) Mlio usiofaa huwanyang'anya wahusika makazi yao kabla ya tingatinga kufika.

Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo mfupi, ila mvua ya juu ya vigae si mvua ya juu ya mabati: ya kwanza huacha watu wakizungumza, ya pili huwalazimisha kupaza sauti, na mazungumzo yenyewe hugeuka. Wahakiki wetu huchambua tanakali za sauti kwa bidii, kisha huyaruka maelekezo yaliyomo katika mabano ya mswada. Nayo mabano hayo mara nyingi husema "mvua inanyesha" tu, bila kutaja paa.